Umri wa Mmea na Umri wa Sera: Kilimo cha Wayule katika Nyika za Meksiko na Marekani, 1852–1946

Utangulizi

Msomaji wa Afrika Mashariki anapokutana na jina Parthenium, jambo la kwanza linalomjia akilini ni gugu karoti, mmea vamizi ulioenea katika malisho na kandokando ya barabara za Arusha na sehemu kadhaa za Kenya, unaowasha ngozi ya mkulima na kutia uchungu maziwa ya ng'ombe. Insha hii inamhusu ndugu wa gugu hilo, ambaye hakuja kwetu na ambaye historia yake imekwenda njia tofauti kabisa. Wayule, au guayule kama unavyoandikwa kwa Kihispania, ni kichaka cha familia ya alizeti kinachoota katika nyanda kame za kaskazini mwa Meksiko na kusini-magharibi mwa Teksasi. Jina lake la kitaalamu ni Parthenium argentatum. Hauzidi sana kimo cha goti au paja la mtu, majani yake yana rangi ya fedha, maua yake ni madogo na hayavutii macho, na ndani ya gome na mti wake kuna mpira.

Katika kipindi cha chini ya miaka arobaini, mmea huu ulitajirisha watu, ukaachwa, ukapandwa kwa amri ya serikali, kisha ukateketezwa mashambani kwa amri ya serikali ileile. Maelezo yanayorudiwa mara nyingi ni kwamba wayule ulishindwa na mpira wa kisanisi. Maelezo hayo si ya uongo, lakini yanamaliza mjadala mapema mno. Mark Finlay, katika kitabu chake cha mwaka 2009 kuhusu mimea ya mpira na siasa za usalama wa taifa la Marekani, ameonyesha kwa upana jinsi siasa zilivyoamua hatima ya mimea hiyo. Insha hii inakubaliana naye, ila inaweka mkazo mahali pengine. Hoja yake ni kwamba wayule ulivunjwa na tofauti ya kalenda. Mmea wenyewe unahitaji miaka minne au mitano ardhini kabla ya kutoa mazao ya maana, ilhali hakuna bei, hofu wala kamati iliyodumu muda huo bila kubadilika.

Mmea na mahali pake

Ni lazima tuanze na mmea wenyewe, kwa sababu mengi yaliyofuata yalitokana na umbile lake. Mpira wa Hevea, mti wa Amazoni uliohamishiwa Malaya, hupatikana kwa kugema: mgemaji huchanja gome na utomvu hutiririka, na kesho yake mti uleule hugemwa tena. Wayule hauna mifereji ya utomvu ya namna hiyo. Mpira wake umefungwa ndani ya seli mojamoja za gome na mti, na njia pekee ya kuupata ni kuking'oa au kukikata kichaka, kukisaga na kukitenganisha na mpira majini. Kwa hiyo anayevuna wayule huua au hukata alichokuwa akikingojea. Zaidi ya hayo, mpira huo huja pamoja na ulimbo mwingi unaoushusha ubora iwapo hautaondolewa.

Ukame, ambao kwa mazao mengi ni adui, kwa mmea huu ni sehemu ya uzalishaji. Unapopata maji mengi hukua haraka, lakini huweka mpira kidogo. Maji yanapopungua na usiku unapokuwa wa baridi, ukuaji hupungua na mpira huongezeka. Mkulima wa wayule basi anatakiwa kuunyima mmea wake kwa kipimo, jambo ambalo mtu aliyezoea kulima mahindi au mboga hulisikia kwa mashaka.

Watu wa nyika hiyo waliujua kabla ya wataalamu. Kuna taarifa za tangu zamani kwamba wakazi wa asili walitafuna gome lake na kukusanya mpira uliobaki kinywani ili kutengeneza mipira ya kuchezea, na jina lenyewe linahusishwa na neno la Kinahuatli la mpira. Katika kumbukumbu za sayansi, kichaka hiki kinaanza maisha yake mwaka 1852, pale J. M. Bigelow, aliyefuatana na msafara wa kupima mpaka wa Marekani na Meksiko, alipochukua sampuli huko Teksasi. Asa Gray aliueleza na kuupa jina mwaka 1859. Inafaa kukumbuka kwamba mmea huu uliingia katika vitabu kwa njia ya kazi ya kuchora mpaka. Historia yake yote iliyofuata ni historia ya kuvuka mpaka huo.

Kuvuna bila kupanda

Mwaka 1876 mpira wa wayule ulionyeshwa katika banda la Meksiko kwenye maonyesho makubwa ya Philadelphia. Majaribio ya viwandani yalifuata, lakini ni mwanzoni mwa karne ya ishirini tu, mbinu ya kusaga vichaka katika mapipa yanayozunguka yenye mawe ilipokamilika, ndipo biashara ilipoanza kwa kishindo. Kampuni ya Intercontinental Rubber, iliyokuwa na fedha za watu kama Rockefeller, Guggenheim na Aldrich, ilijenga kiwanda kikubwa Torreón katika jimbo la Coahuila. Mmoja wa waliosaidia kuianzisha alikuwa kijana mwekezaji aitwaye Bernard Baruch, ambaye tutakutana naye tena. Wenye mashamba makubwa wa kaskazini, ikiwemo familia ya Madero, nao waliingia katika biashara hiyo. Kichaka kilichokuwa kuni kikageuka kuwa mali.

Kufikia mwaka 1910, wakati ambapo ratili moja ya mpira bora iliuzwa kwa takriban dola 3 za Marekani, hukadiriwa kuwa wayule ulikuwa ukichangia kama sehemu ya kumi ya mpira wote wa asili duniani. Hata hivyo, karibu mpira huo wote ulitoka katika vichaka vya porini. Wafanyakazi waliving'oa pamoja na mizizi, wakavibeba kwa punda hadi kwenye reli, na hakuna aliyerudishia kitu ardhini. Francis Ernest Lloyd, mtaalamu wa mimea aliyeuchunguza wayule kwa ajili ya kampuni na kuchapisha kitabu chake mwaka 1911 kupitia Taasisi ya Carnegie, alifuatilia kwa makini jinsi mmea unavyokua na kuzaliana. Maswali yake ni ya mtu aliyetambua kwamba akiba ya pori ina mwisho.

Kabla mwisho huo haujafika, yalikuja mapinduzi. Francisco Madero, mtoto wa familia iliyotajwa, aliongoza uasi ulioanza Novemba 1910. Torreón ulitekwa Mei 1911, na katika siku hizo Wachina wapatao 300 wa mji huo waliuawa na askari na umati. Mji huo ulipiganiwa tena na tena katika miaka iliyofuata. Vituo vya kununulia vichaka, reli na viwanda vilivyotegemea amani ya mashambani vilisimama. Ni katika hali hiyo kampuni ilipotambua kile ambacho wanasayansi wake walikuwa wakikisema: wayule wa kuokota ungelazimika kuwa wayule wa kulima, tena ng'ambo ya mpaka.

Kopo la mbegu

Mtu aliyebeba kazi hiyo ni William McCallum. Inasimuliwa kwamba aliondoka Meksiko na mbegu zilizofichwa katika kopo la tumbaku. Masimulizi ya aina hii hupendwa na wanahistoria wa mazao, na yapo pia kuhusu Hevea na kuhusu chai, kwa hiyo hayafai kubebeshwa uzito mkubwa. Kilicho muhimu zaidi ni kazi ya kuchosha iliyofuata baada ya kopo hilo kufunguliwa.

Mbegu ya wayule ni ndogo mno na ni ya kiburi. Nyingi hazina kiini, na zenye kiini hulala muda mrefu kabla ya kuchipua. McCallum na wenzake walijifunza kuziosha na kuzitibu kwa dawa ya klorini ili ziamke. Walijifunza kuikuza miche kitaluni, kuikata majani, kuing'oa na kuipandikiza shambani kwa mashine, na kupima mpira wa kila ukoo. Katika kuchagua waligundua jambo la ajabu: baadhi ya mimea ilizaa watoto wanaofanana na mama kwa kila kitu, kana kwamba hakukuwa na baba. Miaka mingi baadaye, katika muongo wa 1940, wataalamu wa jenetiki walithibitisha kwamba wayule wenye kromosomu 72 kwa kawaida hutengeneza mbegu bila urutubishaji, kwa njia iitwayo apomiksi, ilhali wenye kromosomu 36 huzaliana kwa kawaida ya maua. Kwa mkulima tabia hiyo ni neema na kikwazo kwa pamoja. Ukoo mzuri ukipatikana hudumu bila kuchafuka, lakini kuuboresha zaidi kwa kuuchanganya na mwingine ni vigumu. Ukoo uliotamba kuliko zote ulikuwa na namba tu, 593.

Mashamba yalianzia California ya kusini, yakahamia Arizona, ambako kampuni ilianzisha kijiji kilichoitwa Continental kusini mwa Tucson, na hatimaye yakatia mizizi katika bonde la Salinas, California, katikati ya muongo wa 1920. Wakati huo ulikuwa mzuri. Uingereza, kwa mpango wa Stevenson wa mwaka 1922, ilikuwa imebana mauzo ya mpira wa Malaya na Ceylon ili kupandisha bei, na mwaka 1925 ratili moja ilipita dola 1. Wamarekani walikasirika. Thomas Edison, kwa fedha zake pamoja na za Ford na Firestone, alianza mwaka 1927 kutafuta mpira katika mimea ya kwao, akaishia kuchagua mmea mwingine wa familia hiyohiyo ya alizeti.

Sasa tuhesabu miaka. Miche iliyopandwa Salinas mwaka 1926 ingekuwa tayari kuvunwa kati ya 1930 na 1931. Mpango wa Stevenson ulifutwa mwaka 1928. Kiwanda cha Salinas kilipoanza kusaga mwaka 1931, dunia ilikuwa katika mdororo mkuu wa uchumi, na katikati ya mwaka 1932 ratili ya mpira iliuzwa chini ya senti 3. Mimea ilikuwa imetimiza wajibu wake kwa wakati. Bei iliyoisababisha ipandwe ndiyo haikuwepo tena.

Katikati ya mambo hayo ilitokea fursa ambayo haikutumiwa. Mwaka 1930 jeshi la Marekani liliwatuma meja wawili, Gilbert Wilkes na Dwight Eisenhower, kukagua wayule huko California, Teksasi na Meksiko. Ripoti yao ya mwezi Juni ilipendekeza serikali ihamasishe kilimo hicho kama akiba ya vita, ikizingatiwa kwamba mpira karibu wote wa nchi ulivuka bahari ya Pasifiki. Ripoti ikahifadhiwa kabatini. Haitakuwa haki kuwacheka waliofanya hivyo, kwani kuilipia mimea ya gharama kubwa wakati mpira unauzwa kwa senti 3 kungehitaji ujasiri ambao serikali chache zimewahi kuwa nao. Ila hesabu ya kalenda inabaki palepale: wayule uliopandwa kwa ushauri wa ripoti hiyo ungekuwa umekomaa zamani kabla ya Desemba 1941.

Mradi wa dharura

Singapore ilianguka tarehe 15 Februari 1942. Marekani, iliyokuwa ikitumia zaidi ya tani 600,000 za mpira kwa mwaka, ilipoteza takriban asilimia 90 ya chanzo chake cha mpira wa asili. Tarehe 5 Machi Rais Roosevelt alitia saini sheria ya mpira wa dharura, iliyoidhinisha ekari 75,000 za wayule, na kabla ya mwaka kwisha kiwango hicho kikapandishwa hadi ekari 500,000. Serikali ilinunua mali ya Intercontinental huko Salinas, pamoja na mbegu na ujuzi wa McCallum, na kuikabidhi kazi yote kwa Idara ya Misitu.

Uhaba huo haukuwa wa Marekani peke yake, na hapa historia ya nyika ya Meksiko inagusa yetu. Huko Tanganyika mashamba ya kale ya mpira wa Seara, yaliyopandwa enzi ya Wajerumani na kuachwa baada ya bei kuanguka mwaka 1913, yalifufuliwa, na vibarua wa kulazimishwa wakapelekwa kuyagema. Katika Kongo ya Wabelgiji wanavijiji walirudishwa porini kutafuta mpira, jambo lililoamsha kumbukumbu mbaya. Nchini Kenya, zao jingine la familia ya alizeti, pareto, lilipanuka kwa kasi kwa sababu Japani, muuzaji wake mkuu wa awali, ilikuwa sasa adui. Pareto ulikuwa na bahati ambayo wayule haukuipata: ua lake huchumwa ndani ya mwaka wa kwanza au wa pili, na hurudi kuchumwa tena.

Salinas palijengwa vitalu vikubwa, maelfu ya vibarua wakaajiriwa, na wanasayansi wakakusanywa kutoka vyuo vingi. Mashamba yalienea katika majimbo matatu. Hata hivyo, ekari zilizopandwa hazikupita sana 32,000. Sababu ya kwanza ni ardhi. Wayule ungeweza kuota kwenye ardhi duni, lakini haraka ya vita iliwasukuma wasimamizi kukodi mashamba mazuri yenye maji, ambako mmea ungekua upesi. Wakulima wa lettusi na mboga, waliokuwa wakipata bei nzuri ya vita, walilalamika, na mwanzoni mwa 1943 serikali iliamua kwamba chakula kitangulie. Hivyo mmea wa nyika ukanyimwa ardhi kwa sababu ulipelekwa mahali ambapo haukuwa na haja ya kuwepo.

Sababu ya pili ni mpira wa kisanisi. Mwezi Septemba 1942 kamati iliyoundwa na Rais kuchunguza suala la mpira iliweka uzito wake mkubwa upande wa viwanda vya kemikali. Mwenyekiti wake alikuwa Bernard Baruch, yuleyule aliyekuwa miongoni mwa waanzilishi wa biashara ya Torreón. Sioni ulazima wa kumtuhumu kwa lolote. Alijua wayule kuliko wanasiasa wengi, na kujua huko kulimwambia kwamba mche wa mwaka 1942 ni mpira wa mwaka 1946. Viwanda vya kisanisi vilitoa zaidi ya tani 700,000 mwaka 1945. Mradi wa wayule, katika maisha yake yote, ulitoa ratili zipatazo milioni 3, yaani tani 1,400 hivi.

Takwimu hizi mbili huwekwa kando kwa kando katika maandishi mengi kama hukumu ya mwisho. Msomaji makini atagundua kwamba mlinganisho huo si sawa. Sehemu kubwa ya wayule uliopandwa chini ya mradi haikuwahi kuvunwa. Mwisho wa vita ulipofika mimea hiyo ilikuwa bado inakusanya mpira ardhini, wenye mashamba wakitaka ardhi yao, na bunge likitaka kufunga hesabu. Ililimwa na kuchomwa moto.

Manzanar

Kuna ukurasa mmoja wa historia hii ambao kumbukumbu rasmi za mradi ziliupa nafasi finyu. Tarehe 19 Februari 1942, wiki mbili kabla ya sheria ya mpira, Roosevelt alitia saini amri namba 9066, iliyosababisha Wamarekani wenye asili ya Japani waishio pwani ya Pasifiki wahamishwe makwao kwa nguvu. Miongoni mwao walikuwamo wakulima wa bonde la Salinas lenyewe. Mahali palepale palipohitaji wakulima hodari paliwafukuza wakulima wake hodari.

Robert Emerson, mwanasayansi wa Chuo cha Teknolojia cha California, alipanga miche ya wayule ipelekwe katika kambi ya kizuizini ya Manzanar, chini ya milima ya Sierra Nevada. Miche hiyo ilikuwa ile iliyokataliwa kitaluni Salinas. Katika kambi walikuwamo watunza bustani, wakemia na mtaalamu wa jenetiki Masuo Kodani. Walijenga banda la miche kwa mabaki ya mbao, wakatengeneza vifaa vyao vya kusagia, wakafanikiwa kuotesha wayule kwa vipandikizi vya matawi, njia ambayo wataalamu wa mradi hawakuiamini, na wakapata mpira wenye ubora uliosifiwa na waliopima. Uchunguzi wa Kodani kuhusu kromosomu za wayule, alioufanya pamoja na G. Ledyard Stebbins, uliingia katika majarida ya kisayansi wakati mwenyewe akiwa amewekwa nyuma ya waya.

Kwa hoja ya insha hii, Manzanar ina umuhimu unaozidi huruma. Hapo tu ndipo wayule ulitunzwa na watu ambao hawakuwa na haraka, kwa kuwa walikuwa wamenyang'anywa mahali pengine pa kwenda. Walitumia ardhi ya jangwa, si ya lettusi. Walipunguza kazi ya kitalu kwa kutumia vipandikizi. Yaani walijibu, kwa udogo, mengi ya maswali yaliyouangusha mradi mkubwa. Majibu yao hayakupelekwa Salinas. Kukataa huko hakuwezi kuelezwa kwa kemia wala kwa bei, na mwanahistoria anayemaliza habari ya wayule kwa kutaja mpira wa kisanisi peke yake anaacha kulieleza.

Kilichobaki

Moto wa mwaka 1946 haukuwa mwisho wa mmea. Bei ya mafuta ya petroli ilipopanda katika muongo wa 1970, mpira wa kisanisi nao ukawa ghali, na Bunge la Marekani likapitisha mwaka 1978 sheria ya kuendeleza mpira wa wayule. Kiwanda cha majaribio kilijengwa kwenye ardhi ya jamii ya wenyeji wa Gila River, Arizona, katika muongo wa 1980. Petroli ikashuka tena, na habari ikajirudia. Katika muongo wa 1990 watafiti waligundua kwamba utomvu wa wayule hauna protini zinazowadhuru watu wenye mzio wa glavu za mpira wa kawaida, na tangu 2014 kampuni ya Bridgestone ina kituo cha utafiti Mesa, Arizona, na shamba Eloy. Mwaka 2022 tairi zenye mpira wa wayule ubavuni zilitumika katika mbio za magari za IndyCar.

Wafugaji wa mimea walioanza upya baada ya miaka mingi ya ukimya hawakuwa na pa kuanzia ila mifuko michache ya mbegu iliyookolewa kabla mashamba hayajachomwa. Mbegu hizo, ukiwemo ukoo 593, bado zimo katika hazina ya mbegu ya Wizara ya Kilimo ya Marekani, na nyingi za aina zinazolimwa leo Arizona ni wajukuu zake.